Kushirikiana si kushirikishwa: barua ya wazi kwa mnaotia saini mikataba ya maendeleo

Kwa mawaziri wa fedha na wa mambo ya nje, wakurugenzi wa mashirika ya misaada, wajumbe wa bodi za mifuko ya kimataifa, wakuu wa kampuni zilizoingia kwenye ubia wa maendeleo, na yeyote ambaye jina lake huchapwa chini ya mstari wa saini.

Waheshimiwa,

Mimi ni mfasiri. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutia katika Kiswahili hati ambazo ninyi mmekwisha kuzikubali katika lugha nyingine: mikataba ya ushirikiano, hati za makubaliano, mipango ya utekelezaji, taarifa za robo mwaka. Hamnijui, na si neno. Mfasiri akijulikana, mara nyingi ameharibu mahali. Ila kazi hii ina faida yake moja. Mwanasheria huisoma hati akitafuta hatari, mhasibu akitafuta jumla, na waziri, akiisoma, huishia ukurasa wa kwanza. Mfasiri hana pa kuruka. Kila kitenzi lazima akiulize: nani anatenda hapa, na nani anatendewa?

Hapo ndipo ninapokwama. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo hati zenu huvichanganya kila siku. Kipo kushirikiana, chenye ile -ana ya kutendana: mimi kwako, wewe kwangu, kama kupendana, au hata kugombana. Na kipo kushirikishwa: wengine wamekwisha kuamua, kisha wakakuita uingie. Hati zinazonifikia huwa na neno la kwanza kwenye jalada na la pili kuanzia kifungu cha tatu. "Jamii itashirikishwa katika kubaini vipaumbele." "Wadau watashirikishwa kupitia warsha." Siku moja nilikuwa na mkataba wa kurasa zaidi ya 40, na kwa ukorofi tu wa usiku wa manane nikaanza kuhesabu vitenzi. Upande wa kwanza "utaamua", "utaidhinisha", "utakuwa na haki ya". Upande wa pili "utawasilisha", "utahakikisha", "utazingatia". Watu wenyewe ambao mradi ulikuwa wao hawakuwa na kitenzi hata kimoja cha kutenda. Waliitwa "walengwa". Sijui nani alilichagua neno hilo, lakini kila nikiliandika hukumbuka kwamba kulenga ni kazi ya mwenye bunduki.

Siwaandikii ili mrekebishe sarufi. Nawaandikia kwa sababu naiamini miungano, na inaniuma kuiona ikiaibishwa na hati zake yenyewe.

Hakuna taifa lililoitokomeza ndui peke yake. Mwaka 1958 Umoja wa Kisovyeti ndio uliolipeleka wazo hilo katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, kisha ukachangia chanjo kwa mamilioni ya dozi. Marekani, hasimu wake wa vita baridi, ikaleta wataalamu na fedha. Mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha duniani. Au mchukueni mnyoo wa Guinea. Mwaka 1986 ulikadiriwa kuwapata watu milioni 3.5 kwa mwaka. Mwaka 2024 wagonjwa waliohesabiwa dunia nzima walikuwa 15. Hauna chanjo, hauna dawa ya kuutibu. Ulirudishwa nyuma kwa kitambaa cha kuchujia maji, na kwa watu wa kujitolea waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ameota lengelenge mguuni. Mwaka 1995 vita vya Sudan vilisimamishwa kwa miezi kadhaa ili kazi hiyo ipate kupita. Shirika la Afya Duniani lilikuwamo kwenye muungano huo, UNICEF, Kituo cha Carter, wizara za afya, lakini aliyeshika daftari alikuwa jirani. Huyo hukuweza kumwita mlengwa. Bila hesabu yake, wakubwa hawakuwa na cha kujadili.

Sasa niwaeleze nililoliona siku nilipokuwa mkalimani. Ulikuwa mkutano wa mashauriano kuhusu mradi ambao ungegusa ardhi ya watu. Wageni walikuwa meza kuu, vipaza sauti vimepangwa, na wawakilishi wa wakulima wamekaa safu za nyuma kwa sababu viti vya mbele vilikuwa na vibandiko vya majina. Baada ya wasilisho la saa nzima, mama mmoja alinyoosha mkono, akasimama, akauliza: "Na tukikataa, itakuwaje?" Nikafasiri. Mwenyekiti akasema hilo ni swali zuri sana, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akampa nafasi mwingine. Wiki mbili baadaye ripoti ikanifikia niifasiri. Swali la yule mama lilikuwamo, ukurasa wa saba, nalo lilikuwa limegeuka kuwa hivi: "Wanajamii walionyesha ari kubwa ya kuelewa hatua zinazofuata."

Nilikaa na sentensi ile muda mrefu. Kuifasiri ilivyo ni kuubeba uongo wa mwingine. Kuibadilisha ni kuvunja miiko ya kazi yangu. Niliifasiri ilivyo. Bado inanikera, na barua hii kwa kiasi fulani ni deni ninalomlipa mama yule.

Maana swali lake halikuwa la ukaidi. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, la mwaka 2007, linazungumzia ridhaa huru, iliyotolewa mapema na kwa taarifa kamili, na nyinyi hupenda kulinukuu kwenye dibaji. Basi nionyesheni, katika hati zenu, ukurasa unaoeleza kitakachotokea ridhaa hiyo isipotolewa. Huwa naona ratiba ya ujenzi. Naona tarehe ya uzinduzi. Mahali pa "hapana" sijapaona, na mtu anayetakiwa kuridhia huku tarehe ya uzinduzi imekwisha kupangwa anajua fika kwamba ameitwa kupiga picha.

Upo muungano mmoja ambao huwa nawahimiza watu wausome kifungu kwa kifungu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lenye ghorofa nane, liliporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Waliokufa hawakupungua 1,134, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa na tawi humo iliwaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji waliamriwa kurudi kwenye cherehani zao. Fikirini asubuhi ile: karani wa benki na mshonaji walikuwa na habari ya nyufa zilezile, na wote hawakuwa wahandisi. Mmoja alikuwa na ruhusa ya kuogopa, mwenzake akatishiwa kukatwa mshahara. Na msidhani hapakuwa na ukaguzi. Baadhi ya viwanda vya humo vilikuwa vimekaguliwa chini ya mipango ya hiari ya wanunuzi.

Mwezi uliofuata ulisainiwa mkataba wa usalama wa moto na majengo, ule ujulikanao kama Accord. Upande mmoja zilikuwako kampuni za nguo, ambazo hatimaye zilizidi 200. Upande wa pili, vyama vya wafanyakazi vya kimataifa, IndustriALL na UNI, pamoja na vyama vya Bangladesh kwenyewe. Viti vya kamati ya uongozi viligawanywa nusu kwa nusu, na mwenyekiti akatoka Shirika la Kazi Duniani. Ripoti za ukaguzi ziliwekwa hadharani, kila kiwanda kwa jina lake. Mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia ndani ya jengo analoliona ni la hatari. Na kampuni iliyokiuka iliweza kupelekwa kwa wasuluhishi ambao uamuzi wao unatekelezeka mahakamani. Halikuwa pambo hilo. Mwaka 2016 vyama vilifungua mashauri mawili katika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi iliyoko The Hague, na mojawapo likaisha kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 2.3, sehemu kubwa ikiwa ya kurekebisha viwanda.

Msomapo mkataba huo, tazameni vitenzi. Mfanyakazi anakataa. Chama kinashtaki. Mkaguzi anatangaza.

Mwaka uleule wa 2013 kampuni nyingine, nyingi za Amerika Kaskazini, ziliunda muungano wao. Nao ulikagua, ukafundisha, ukaweka simu ya kupokea malalamiko. Siudharau, na yapo majengo yaliyopona kwa ajili yake. Lakini vyama vya wafanyakazi havikutia saini humo, na miaka mitano ilipotimia, 2018, ulifunga virago kama ulivyopanga. Ule wa kwanza uliongezewa muda, mwaka 2021 ukawa wa kimataifa, na mwaka 2023 ukaanza kazi Pakistan.

Najua mtakachojibu, nimekifasiri mara nyingi: masharti yanayobana huwakimbiza wabia. Kampuni zaidi ya 200 hazikukimbia. Kweli, zilikuja baada ya msiba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari yote. Vyama vilikuwa vimependekeza mkataba wa aina hiyo tangu 2011. Hadi mwisho wa 2012 zilikuwa zimesaini kampuni mbili tu. Karatasi ilikuwapo, maneno yalikuwapo. Waliokosekana ni watia saini, yaani watu wa aina yenu.

Kuhusu matamko ya kimataifa ya kuboresha misaada sitawachosha, mnayajua kuliko mimi. Paris 2005, Accra 2008, Busan 2011: nchi inayopokea imiliki mipango yake, mfadhili afuate mifumo iliyopo, pande zote ziwajibishane. Paris iliweka malengo 13 ya kutimizwa ifikapo 2010, na likatimizwa moja. Mwaka 2016, Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura itawafikia, kwa njia fupi kadiri iwezekanavyo, wanaofanya kazi mahali penyewe. Zinazokwenda kwao moja kwa moja zimebaki asilimia chache. Ahadi ya nchi tajiri kutoa msaada wa asilimia 0.7 ya pato la taifa ni ya mwaka 1970, na wengi wenu mlikuwa hamjaanza shule. Tuendelee.

Yanayowezekana yanajulikana. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanza 2002, una bodi yenye viti 20 vya kura: kumi upande wa wanaotoa, kumi upande wa nchi zinazotekeleza na asasi za kiraia. Kimojawapo ni cha jamii zinazoishi na magonjwa hayo. Jambo halipiti mpaka liungwe mkono na theluthi mbili ya kila upande, kwa hiyo wenye fedha peke yao hawapitishi kitu, na wasio nazo wanaweza kuzuia. Simaanishi kwamba pale wote wako sawa. Mwenye kitita husikika hata akinong'ona. Lakini kura iliyoandikwa kwenye kanuni haiwezi kugeuzwa "ari kubwa ya kuelewa hatua zinazofuata".

Neno jingine mnalolipenda ni ubia. Lilikuwa la wafanyabiashara kabla halijawa la wanamaendeleo, na wafanyabiashara hawalichezei: wabia hugawana faida na hugawana hasara. Nimefasiri mikataba ya ubia mpaka vidole vimeota sugu, na sijakutana na mmoja unaoeleza hasara itagawanywaje. Huwa inaeleza nembo ya nani itakaa upande gani wa bango, na ukubwa wake.

Tuliuona ubia wa namna hiyo wakati wa korona. Mwaka 2020 COVAX, mpango wa nchi kugawana chanjo ulio chini ya mashirika ya chanjo Gavi na CEPI pamoja na Shirika la Afya Duniani, ulijiwekea lengo la dozi bilioni 2 za chanjo kabla ya mwaka 2021 kwisha. Nchi tajiri zilijiunga kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto zikasaini na watengenezaji moja kwa moja, nyingine zikiagiza dozi za kuchanja raia wao zaidi ya mara moja. Foleni ikawa imepangwa kabla ya muungano kufika dirishani. Dozi ya bilioni moja ilifika Januari 2022. Mpango ulipofungwa mwishoni mwa 2023 ulikuwa umegawa karibu bilioni 2, na wapo watu wengi walio hai kwa sababu hiyo. Ila chanjo ya ugonjwa wa mlipuko ina saa yake, na mwaka mmoja wa kungoja ni makaburi. India na Afrika Kusini zilikuwa zimeomba, tangu Oktoba 2020, haki za hataza, zinazomzuia mwingine kutengeneza kilichobuniwa na mwenzake, zisimamishwe kwa muda. Shirika la Biashara Duniani lilitoa uamuzi Juni 2022, tena mwembamba kuliko ombi lenyewe. Kwa hesabu ya ubia, faida iligawanywa mapema na hasara ikaachiwa waliokuwa nyuma ya foleni.

Na hasara kubwa kuliko zote huja wakati wa kuondoka. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa barua ya mistari minane, ya kufasiriwa siku hiyohiyo. Mfadhili alikuwa anasitisha mradi wa afya, "kutokana na mabadiliko ya vipaumbele", na alimalizia kwa kushukuru kwa ushirikiano mwema. Niliipeleka tafsiri mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa ofisi ile haikuwa mbali. Muuguzi aliyeipokea aliisoma amesimama, kisha akafungua daftari la wagonjwa. Kila mstari ulikuwa na jina, namba, na tarehe ya kurudi. Tarehe zilikuwa zimekwisha kujazwa kwa miezi minne mbele, kwa kalamu ya wino. Hakuniuliza chochote kuhusu vipaumbele. Aliniuliza kama barua imesema awaambie nini hawa. Nikairudia kichwani, mistari yote minane. Haikuwa imesema.

Mwaka 2025 daftari hilo lilifunguliwa mbele ya dunia nzima. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili iipitie. Machi ikatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada, zimefutwa. Tarehe 1 Julai shirika hilo likaacha kazi. Si Marekani peke yake. Uingereza ilitangaza kwamba ifikapo 2027 msaada wake utashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3. Nchi ina haki ya kubadili sera, na fedha ni za walipa kodi wake; sibishi. Ninachouliza ni cha mfasiri tu: ni kifungu gani kilichomlazimu anayeondoka kuimalizia dozi aliyoianza? Mwenye nyumba hulazimika kumpa mpangaji notisi. Mwajiri humlipa anayemwachisha. Lakini muungano unaoshikilia dawa ya mtu unaweza kuvunjwa kwa mistari minane, nao mnaendelea kuuita wa maadili kwa kuwa ulianza kwa nia njema.

Nia njema siijadili kabisa. Kipindupindu kilipoingia Haiti, Oktoba 2010, nchi ilikuwa imekaa karibu karne nzima bila ugonjwa huo kurekodiwa. Uchunguzi uliuelekeza mkondo wake kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, iliyokuwa ikimwaga taka kwenye kijito kinachoingia mto Artibonite. Walikufa karibu watu 10,000. Walinda amani hawakuja kuua mtu; walikuja kusaidia. Waathirika walipodai fidia, Umoja wa Mataifa ulijikinga kwa kinga yake ya kutoshtakiwa, na mahakama za Marekani zikaikubali kinga hiyo. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti Desemba 2016, miaka sita baadaye, pamoja na mpango wa dola milioni 400 ambao wanachama hawakuuchangia ila kwa sehemu ndogo. Miungano mingi imejengwa hivyo, hata isiyovaa kofia za buluu: mlango wa kuingilia ni mpana, wa kupeleka mashtaka haukuchorwa kwenye ramani.

Wavuvi na wakulima wa Gujarat, India, walijaribu kuuchonga mlango huo wenyewe. Waliishtaki Taasisi ya Fedha ya Kimataifa ya kundi la Benki ya Dunia, iliyokopesha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Mundra, wakidai umeharibu maji na uvuvi wao. Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali, kwa kura saba dhidi ya moja, kwamba mashirika ya kimataifa hayana kinga isiyo na mipaka. Walishinda hoja hiyo, kisha wakaipoteza kesi kwa sababu nyingine ya kisheria. Lakini hoja imebaki, na wanasheria wenu wanaijua. Ndiyo maana siku hizi hati zina kurasa nyingi zaidi.

Mawaziri wa nchi zinazopokea, msidhani nimewasahau. Mnazungumza vizuri sana kuhusu heshima na umiliki mkiwa Geneva au New York, kisha mkirudi mnawashirikisha wananchi wenu kwa -ishwa ileile mnayoilalamikia. Chad ilipotaka bomba la kupeleka mafuta yake baharini kupitia Kamerun, Benki ya Dunia iliingia kwa sharti kwamba fedha za mafuta ziende kwenye elimu, afya na akiba ya vizazi vijavyo, na sheria ikatungwa mwaka 1999. Mwishoni mwa 2005 serikali iliibadili sheria hiyo na kuifuta akiba. Benki ikagomba, zikasuluhishana, na mwaka 2008 Chad ikalipa deni lake mapema, Benki ikajitoa. Wakubwa wawili waliandikiana, wakabadilishana, wakaachana, na katika hatua zote hizo raia ambaye vizazi vyake ndivyo vilivyokuwa vimewekewa akiba hakuwa na karatasi yoyote mkononi ya kumzuia yeyote kati yao.

Na sisi wa asasi ndogo tuna letu. Tunazijua sentensi zinazolipwa. Tunaandika "ushirikishwaji" mara tisa katika andiko moja la mradi kwa sababu tunajua linahesabiwa, halafu tunawapa watu karatasi ya mahudhurio watie saini kabla ya kikao kuanza. Nimezifasiri hizo pia.

Muungano ulionifanya niamini kwamba mambo yanaweza kwenda vingine haukuanzia kwenye ukumbi wenu. Mwaka 1998 kampuni za dawa ziliishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria iliyofungua njia ya kupata dawa za bei nafuu. Walalamikaji walifika 39. Mwishoni mwa mwaka huo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wenzao waliunda chama chao, TAC. Kesi ilipofika Pretoria mwaka 2001, chama hicho kiliomba kuingia kama rafiki wa mahakama, yaani mtoa hoja asiye mdai wala mdaiwa, na nje wakaandamana wagonjwa, vyama vya wafanyakazi na watu wa dini, huku madaktari na wanaharakati wa nchi nyingine wakiandamana kwao. Mwaka huohuo kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza mseto wa dawa kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati matibabu hayo yalikuwa yakigharimu zaidi ya dola 10,000 katika nchi tajiri. Aprili 2001 kampuni ziliiondoa kesi. Novemba, mjini Doha, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zikatamka kwamba makubaliano ya hataza hayapaswi kuzizuia nchi kulinda afya za watu wao. Waliobeba ugonjwa ndio waliokuwa na wanasheria, ndio waliokuwa na mabango, ndio waliojua dawa gani wanaitaka na kwa bei gani. Hakuna aliyewashirikisha.

Ombi langu kwenu ni la vifungu. Wekeni kifungu kinachosema jamii ikikataa, jambo gani linasimama na kwa muda gani. Kifungu cha kuondoka kiwabane wenye fedha kuliko wasio nazo: asiondoke mtu kabla ya tarehe zilizo kwenye daftari la muuguzi kwisha, au kabla mwingine hajalipokea kwa maandishi. Mlalamikaji apelekwe kwa mtu ambaye mshahara wake hautoki kwenye mradi, na uamuzi wake uwe na nguvu. Na andikeni hasara itagawanywaje. Kama kuiandika kunawatisha, ondoeni neno ubia kwenye jalada. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya zawadi, mkopo na kibarua.

Mezani kwangu sasa hivi ipo rasimu nyingine. Kifungu cha 9 kinasema jamii "itashirikishwa ipasavyo". Cha 17 kinaupa upande mmoja haki ya kusitisha kwa notisi ya siku 30, wakati wowote na kwa sababu yoyote. Cha 21 kinampeleka mwenye malalamiko kwa mratibu wa mradi, ambaye kwa kawaida ndiye anayelalamikiwa. Safari hii sijaifasiri nikanyamaza. Nimeandika maswali pembeni ya ukurasa, manne, kwa wino mwekundu, na la kwanza ni lile la yule mama, kwa maneno yake mwenyewe. Nimepewa hadi Ijumaa kukabidhi. Nitakabidhi yote pamoja.

Wenu,
Mfasiri